Namna ya Kupata Fedha za Vifaa vya Kupunguza Chakula Kinachotupwa Jikoni: Mwongozo Kamili kwa Kantini, Migahawa na Hoteli za Kati

Kila siku inapokaribia saa kumi na moja jioni, nyuma ya kantini nyingi za Dar es Salaam, Arusha au Moshi, hufika kijana mwenye baiskeli na ndoo mbili za lita 20 kuchukua makombo ya kulishia nguruwe. Mwenye kantini hufurahi, kwa kuwa uchafu umeondoka bila gharama, na siku nyingine huachiwa hata elfu moja ya soda. Lakini ndani ya ndoo hizo mna wali ambao haukufika kwenye sahani ya mtu yeyote. Ukijumlisha bei ya mchele, mafuta na gesi iliyouivisha, ndoo moja iliyojaa inaweza kubeba shilingi 20,000. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuizuia fedha hiyo isitoke na ndoo, na namna ya kuitumia fedha hiyohiyo kulipia vifaa vya kuizuia.

Tatizo si la jiko lako peke yako. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, majumbani na katika huduma za chakula, na kwamba jikoni za biashara na taasisi zilichangia tani milioni 290 kati ya hizo, sawa na asilimia 28. Takwimu hizo zinafaa katika utangulizi wa andiko la mradi. Afisa mikopo, hata hivyo, hatakukopesha kwa ajili ya dunia, bali atataka kuona kilo zako.

Nimewalenga wenye jiko linalotoa sahani kati ya 100 na 600 kwa siku: kantini za vyuo, viwanda na hospitali, migahawa, na hoteli zisizo na idara ya fedha ya kuwafanyia hesabu. Bei na riba zilizomo ni za mfano, hivyo weka zako mahali pake.

Hatua ya kwanza: pima kwa wiki tatu kabla ya kuzungumza na mkopeshaji

Nunua mizani ya kidijitali inayofika kilo 30, na utenge ndoo nne za rangi tofauti. Ya kwanza ni ya vilivyoharibikia stoo, kama nyanya zilizooza au maziwa yaliyochacha. Ya pili ni ya maganda na mabaki ya maandalizi. Ya tatu ni ya chakula kilichopikwa kisiuzwe, na ya nne ni ya makombo yanayorudi na sahani. Kila ndoo ipimwe kabla haijamwagwa, na daftari liandikwe tarehe, aina ya chakula, uzito, sababu, na idadi ya sahani zilizouzwa siku hiyo. Bila idadi ya sahani, uzito hauna maana, kwa sababu siku ya mvua na siku ya mshahara hazilingani.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya hesabu havilisemi. Katika kantini moja niliyoisaidia kupima, uzito wa ndoo ya tatu ulishuka ghafla siku ya nne, tukapongezana, hadi tulipoona karo limeziba kwa wali. Mwosha vyombo alikuwa amesikia kwamba vipimo vitatumika kukata posho, akaona heri aumwage kabla mizani haijamwona. Waambie wafanyakazi mapema, mbele ya mpishi mkuu, kwamba hakuna atakayekatwa kwa kilichoandikwa, kisha utimize ahadi hiyo. Daftari la uongo litakufanya ukope fedha za kutibu ugonjwa usiokuwa wako.

Hatua ya pili: geuza kilo kuwa shilingi

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuuchukua uzito wa ndoo wote na kuuzidisha kwa bei moja. Kilo moja ya mchele hutoa takriban kilo mbili na nusu za wali, kwa hiyo mchele wa shilingi 3,000 unatoa wali wa shilingi 1,200 kwa kilo, na ukiongeza mafuta na gesi unafika kama 1,500. Nyama huenda kinyume chake, kwa kuwa husinyaa sufuriani: kilo ya nyama mbichi ya shilingi 12,000 hubaki kama robo tatu ya kilo au chini ya hapo, na ukiongeza viungo na nishati, kilo ya nyama iliyoiva inakaribia 18,000. Kwa maneno mengine, kilo moja ya nyama iliyotupwa ni sawa na kilo 12 za wali. Ndoo nzito kuliko zote siyo lazima iwe ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote.

Tuchukue kantini ya mfano inayouza sahani 300 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Baada ya wiki tatu, wastani wa siku unasomeka hivi. Stoo imepoteza kilo 6 za thamani ya shilingi 2,000 kila moja, yaani 12,000. Kilichopikwa kisiuzwe ni kilo 10 za wali na ugali (15,000), kilo 3 za maharage na mboga (6,000) na kilo 1 ya nyama (18,000), jumla 39,000. Makombo ya sahani ni kilo 10 za wastani wa 1,500, yaani 15,000. Jumla ya siku ni 66,000, na ya mwezi ni 1,716,000. Maganda ya ndizi na mifupa hayamo katika hesabu, kwa kuwa hakuna friji itakayoyageuza kuwa sahani.

Hatua ya tatu: chukua kwanza akiba isiyohitaji mkopo

Simama mahali sahani zinapokusanywa, saa saba hadi saa nane mchana, uangalie zinavyorudi. Ukiona tonge kubwa la ugali limebaki pembeni huku mchicha na mchuzi vimekwisha kabisa, mteja ameshakuambia kipimo cha upawa wako kina kasoro gani. Punguza ugali, ongeza mboga kidogo, na anayetaka nyongeza apewe bure, kwa sababu wachache ndio huiomba. Upande wa sufuria, wacha kupika wali wote saa nne asubuhi; pika theluthi mbili, kisha theluthi ya mwisho iingie motoni baada ya kuona foleni. Katika mabwalo ya taasisi, idadi ya walaji ijulikane siku moja kabla. Nchini Kenya, Food4Education, iliyoasishwa na Wawira Njiru, huwapa wanafunzi bangili ya kielektroniki ya kulipia chakula cha mchana, hivyo kila sahani huacha kumbukumbu. Kwa kantini ya kiwanda, kundi la WhatsApp la wasimamizi wa zamu linaweza kutosha.

Tuseme katika kantini yetu hatua hizi zimepunguza theluthi moja ya kilichopikwa kisiuzwe (13,000) na moja ya tano ya makombo ya sahani (3,000). Hizo ni 16,000 kwa siku, au 416,000 kwa mwezi, bila kusaini karatasi yoyote. Weka fedha hiyo katika akaunti yake peke yake kwa miezi minne. Ndiyo itakayokuwa mchango wako binafsi, na taarifa ya akaunti hiyo itakutetea mbele ya mkopeshaji kuliko barua yoyote ya utambulisho.

Hatua ya nne: ndoo ndiyo ichague kifaa

Ikiwa hasara iko stoo, unahitaji ubaridi wa kuaminika na mpangilio wa kutoa kilichotangulia kuingia. Ikiwa hasara iko kwenye sufuria, unahitaji friji ya kupoza haraka au vyombo bapa vya chuma vyenye mifuniko, ili maharage ya leo yawe salama kesho. Kanuni inayotumika sana ni kushusha chakula kutoka nyuzi 60 hadi 21 za Selsiasi ndani ya saa mbili, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa nne zinazofuata, jambo ambalo sufuria kubwa lililoachwa mezani hadi usiku haliwezi kulitimiza. Ikiwa hasara iko kwenye sahani, kifaa chako ni upawa, na usikope.

Mizani zenye kamera zinazotambua chakula kinachotupwa zipo. Winnow ya Uingereza na Leanpath ya Marekani ndizo zinazojulikana zaidi. Zinafaa hoteli kubwa zenye bufee, kwa sababu gharama yake hupimwa dhidi ya manunuzi makubwa. Utafiti wa mwaka 2018 wa Champions 12.3, muungano wa kimataifa wa viongozi wanaohimiza kupunguza upotevu wa chakula, katika hoteli 42 za nchi 15 ulionyesha kwamba kila dola iliyotumika kupunguza upotevu iliokoa dola 7 kwa wastani ndani ya miaka mitatu. Sehemu ya gharama iliyohesabiwa humo ilikuwa mafunzo na upimaji wa kawaida, si mitambo ya bei kubwa pekee. Jiko la sahani 300 linaweza kubaki na daftari.

Kuhusu mtambo wa biogesi nina shaka ambayo sitaificha, hasa unapopendekezwa kuwa kifaa cha kwanza. Kilo ya mabaki ya chakula hutoa takriban meta 0.1 za ujazo za gesi, na meta moja ya ujazo ni kama kilo 0.45 za gesi ya mtungi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,800 kwa kilo ya gesi, kilo ya wali iliyokugharimu 1,500 inageuka kuwa gesi ya shilingi 170. Ukilisha mtambo kilo 20 kwa siku unaokoa kama 89,000 kwa mwezi. Ni fedha, na kwa maganda na mabaki ya nyama yanayonuka ni suluhisho zuri, lakini ukishajenga mtambo unaokula wali utaanza kuuhitaji wali huo utupwe. Hali ni tofauti kidogo kwa taasisi za Tanzania, ambako serikali iliagiza zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Taasisi inayokopa kwa ajili ya majiko mapya inaweza kuuingiza mtambo katika mkopo uleule.

Tahadhari moja kuhusu friji za mtumba zinazoingia kutoka Ghuba na Ulaya. Soma kibandiko cha gesi ya kupozea nyuma yake kabla ya kulipa. Gesi ya R22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, ambayo inazitaka nchi zinazoendelea ziwe zimeiacha kwa karibu matumizi yote ifikapo 2030. Friji ya bei nafuu leo itakuwa friji isiyo na gesi ya kujazia kabla hujamaliza kuifaidi. Tafuta R290 au R600a, na usisahau stabilaiza, kwani umeme unaorudi kwa kishindo huua kompresa iliyobakiza marejesho ya miaka miwili.

Hatua ya tano: linganisha rejesho na akiba, siyo na tamaa

Kantini yetu imechagua friji ya milango miwili, friji ndogo ya kupozea, stabilaiza na vyombo bapa, jumla 7,500,000. Inatarajia vifaa hivyo vipunguze theluthi mbili ya hasara ya stoo (8,000 kwa siku) na nusu ya kilichopikwa kisiuzwe kilichobaki (13,000). Hizo ni 21,000 kwa siku, yaani 546,000 kwa mwezi. Toa umeme: yuniti 8 kwa siku kwa shilingi 350, siku 30, ni 84,000. Toa matengenezo, 40,000. Inabaki 422,000.

Mchango binafsi ni 1,500,000, mkopo ni 6,000,000, na riba ya mfano ni asilimia 18 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Kwa miezi 24 rejesho ni kama 299,500. Linaonekana kuingia vizuri ndani ya 422,000, na wengi husaini hapo. Lakini jaribu mwaka mbaya, ambapo akiba inafikia asilimia 70 tu ya matarajio: 382,000, ukitoa 124,000 za umeme na matengenezo, inabaki 258,000, na rejesho limeshakushinda. Kwa miezi 36 rejesho ni kama 216,900, ambalo hata mwaka mbaya unalibeba. Utalipa takriban 620,000 zaidi katika riba. Mimi ningezilipa, kisha ningedai kifungu kinachoruhusu kumaliza deni mapema bila faini, ili miezi mizuri ifupishe mkopo wenyewe.

Uliza kwa sauti iwapo riba ni ya salio linalopungua au ni ya flati, yaani inayohesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hata unapoendelea kuulipa. Asilimia 18 ya flati juu ya 6,000,000 kwa miaka miwili ni riba ya 2,160,000, rejesho la 340,000 kwa mwezi, na gharama halisi inayozidi asilimia 31 kwa mwaka. Tarakimu iliyo kwenye bango ni ileile, na mkopo si uleule.

Hatua ya sita: chagua mlango wa kubisha

Muuzaji wa vifaa ndiye wa kwanza kuulizwa, kwa kuwa wengi hukubali nusu sasa na nusu kwa miezi mitatu hadi sita bila kuiita riba. Lakini omba pia bei ya taslimu, maana tofauti ya bei hizo mbili ndiyo riba yenyewe. Saccos hufaa kiasi kidogo, iwapo umekuwa mwanachama wa kutosha na wadhamini wako si watu uliowaajiri.

Benki hutaka dhamana, na hapo wenye jiko lililo katika jengo la kupanga hukwama. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kukopeshwa kifaa chenyewe, ambapo mkopeshaji hubaki mmiliki hadi rejesho la mwisho. Tanzania ina Sheria ya Ukodishaji Fedha ya mwaka 2008 inayosimamia mpango wa namna hiyo, na kampuni kama EFTA hukopesha mashine bila kudai nyumba wala kiwanja. Ya pili ni dhamana ya mali zinazohamishika. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2017, huruhusu vifaa, bidhaa na hata madeni unayodai yasajiliwe kuwa dhamana. Kantini yenye mkataba wa kulisha wafanyakazi wa kiwanda ina madeni hayo kila mwezi, na kwa mkopeshaji mwerevu ni dhamana nzuri kuliko shamba la mjomba lililoko mbali.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nchini Tanzania vina mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyogawanywa 4, 4 na 2. Mama lishe watano wanaotumia friji moja karibu na soko wanastahili kuifikiria, ingawa lazima wajisajili kama kikundi na wavumilie mlolongo wa ofisi ya maendeleo ya jamii.

Ipo pia njia ya kulipia ubaridi bila kununua mashine. ColdHubs ya Nigeria, iliyoanzishwa na Nnaemeka Ikegwuonu, hujenga vyumba vya baridi vya umeme wa jua sokoni na kumtoza mteja kwa kreti kwa siku. Kama kuna huduma ya namna hiyo karibu na soko unalonunulia mboga, hesabu kwanza kreti zako, kwani huenda hasara ya stoo ikaisha bila wewe kumiliki kompresa yoyote.

Kuhusu fedha za tabianchi: benki za CRDB ya Tanzania na KCB ya Kenya zimeidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa unaogharamia miradi ya tabianchi. Hilo halimaanishi kwamba tawi la mtaani kwako lina dirisha la friji. Linamaanisha kwamba ni halali kuuliza, na kwamba daftari lako la kilo lina msomaji mwingine zaidi ya afisa mikopo. Ruzuku nazo ziombwe kwa ajili ya mafunzo na upimaji, lakini kifaa ambacho hakiwezi kujilipa chenyewe hata kwa nusu hakiokolewi na ruzuku.

Hatua ya saba: andaa faili, kisha usome mkataba

Faili lisizidi kurasa kumi. Ukurasa wa kwanza uwe jedwali la wiki tatu, kabla na baada ya hatua zisizo na gharama. Wa pili uwe hesabu ya rejesho kwa mwaka mzuri na mwaka mbaya. Kisha zifuate profoma, yaani hati za bei, kutoka kwa wauzaji watatu zinazotaja gesi, matumizi ya umeme na muda wa waranti, taarifa za benki za miezi sita, leseni, namba ya mlipakodi, mkataba wa pango wenye muda usiopungua muda wa mkopo, na barua ya mteja mkubwa kama yupo. Nchini Kenya ongeza maelezo ya jinsi unavyotenganisha taka zinazooza na zisizooza, kwa kuwa sheria ya taka ya mwaka 2022 inalitaka hilo kwa kila anayezalisha taka.

Katika mkataba, tafuta ada ya maombi, bima ya lazima na nani anaichagua, faini ya kuchelewa, na lini mkopeshaji ana haki ya kukichukua kifaa. Omba rejesho la kwanza lianze mwezi wa pili au wa tatu baada ya friji kuwashwa, wala si baada ya fedha kutoka, kwa sababu mzigo ukikwama bandarini wiki sita, riba haitakwama nao. Malipo kwa muuzaji yagawanywe pia, na asilimia 10 zibaki mkononi mwako hadi friji ikae siku 14 ikiwa chini ya nyuzi 5 mchana wa shughuli, milango ikifunguliwa na kufungwa kama kawaida.

Mizani isiondolewe jikoni siku friji inapofika. Pima kwa wiki nzima kila mwezi, na ulinganishe na jedwali la mwanzo. Akiba ikishuka chini ya asilimia 70 ya matarajio kwa miezi miwili mfululizo, nenda kwa mkopeshaji ukiwa na daftari kabla rejesho halijachelewa, uombe kupangiwa upya muda wa mkopo. Kabla hujaenda, fungua friji uone kuna nini ndani: mara nyingi utakuta kreti za soda za wateja zimejaza rafu ya chini, na nyanya zimerudi sakafuni.